Waya wa Redio ya Mzee

Somanda, Bariadi
Jumapili, mchana

Mdogo wangu Shabani,

Assalaam alaykum. Natumaini barua hii inakukuta umekaa kitini na si umelala chini ya gari la mtu. Je, ule mgongo? Na wifi Zainabu, kifua kimeachia? Na Tatu bado anaficha maharage chini ya ugali akidhani hamumwoni? Mama nazungumza naye kila Ijumaa na kila Ijumaa ananiambia nyote hamjambo, lakini Mama hata paa likiezuka atasema hatujambo, kwa hiyo nakuuliza wewe. Mimi huku mwili mzima. Mengine nitayasema humu humu.

Simu zangu hupokei, na sikulaumu. Toka arobaini ya baba mpaka leo ni mwaka na kitu, na sauti yako nimeisikia mara moja tu, kwa nyuma, Mama akiwa anaongea na mimi, ukamwuliza bisibisi ya nyota iko wapi. Mama akataka kukata, nikamwomba asikate. Nilisikiliza ukitafuta bisibisi mpaka ukaipata. Basi nimeamua kuandika kwa karatasi, kwa sababu karatasi huwezi kuikatia, na kwa sababu ndani ya bahasha kuna kitu kidogo ninachotaka ukishike kwa mkono. Anayekuletea ni mwalimu mwenzangu, anakwenda Tanga kwenye harusi ya binamu yake. Mpe hata chai, yeye hana kosa na mtu.

Ninachokitaka nakitaja kabisa hapa juu, usije ukachoka njiani ukaiweka barua kwenye mafuta machafu. Nataka tuzungumze tena. Hayo mengine yote ni njia ya kufika hapo, na njia yenyewe inapita chini ya dashibodi ya gari la baba.

Hapa nimepanga chumba na sebule kwa Mayu Kabula, mjane mmoja anayelima pamba na dengu. Mayu ni mama kwa Kisukuma. Kila asubuhi naendesha kwenda Sapiwi kufundisha, na kila saa kumi narudi. Watu wapo tele, Shabani, usidhani nimetupwa porini. Lakini ofisini kwa walimu tunaongea Kiswahili mpaka kengele, halafu wenyewe wanageukia Kisukuma, wanacheka, na mimi natabasamu tu kama mgeni aliyeingizwa kwenye picha ya harusi isiyomhusu. Nikirudi nyumbani napika kwa sufuria ndogo kuliko zote nilizonazo, na chakula bado kinabaki. Nina upweke. Nilikuwa naona haya kuliandika neno hilo, lakini ndilo. Nimefikia mahali naongea na gari.

Sasa sikia kisa. Mwezi wa pili, njia ya Sapiwi, nilikuwa nimesimama pembeni kabisa, injini nimezima, nasubiri ng'ombe wavuke. Nyuma ikatokea pikipiki imebeba mabati kwa upana. Ikanipita, bati likakwaruza mlango wa kulia toka nyuma mpaka mbele, dereva akayumba, akaenda mtaroni. Alichubuka goti tu, alhamdulillahi. Lakini watu waliotoka mashambani walikuta nini? Gari la mwalimu barabarani na mtu chini. Wakamaliza kesi wenyewe.

Nikasema nilikuwa nimesimama. Nikasema tena kwa sauti zaidi, kama unavyojua. Mchungaji wa wale ng'ombe, mtu mzima mwenye mvi, alikuwa ameona kila kitu, naye alikuwa ameegemea fimbo yake, kimya. Watu wakawa wanaulizana kwa Kisukuma. Mwenye duka la pale ndiye aliyenionea huruma akanitafsiria.

"Wanaulizana wewe ni nani. Huyu mama anawaambia ni yule mwalimu wa gari jeupe. Yule asiyesalimia."

Shabani, mimi! Mtoto wa Muheza, tuliofundishwa kumwamkia hata paka wa jirani. Lakini ilikuwa kweli. Huku mtu akikutana na mtu anasimama. Mwangaluka, habari za nyumbani, za watoto, za ng'ombe, za mvua, na kila moja inajibiwa mhola, yaani salama, ndipo kila mmoja anakwenda zake. Mimi mwaka mzima nilipita pale vioo vimepandishwa, kwanza kwa sababu ya vumbi, na pili kwa sababu nilikuwa na hasira na wewe na hasira na mimi mwenyewe. Wao wataijuaje? Waliona majivuno. Nani atasimama kumtetea mtu ambaye hajawahi kusikia hata sauti yake?

Tukaenda ofisini kwa mtendaji. Ili mambo yaishe nikaomba radhi. Nilisema samahani mbele ya watu zaidi ya ishirini, kwa kosa ambalo silo langu, na nikarudi mjini. Hiyo samahani nitairudia huko mbele.

Kesho yake nikaamua kwamba kama sina mtu wa kunishuhudia, nitanunua shahidi. Kamera ya gari, zile za kubandika kwenye kioo cha mbele. Najua unacheka. Gari lenye umri wa kuoa, na mimi nataka kulivisha kamera.

Karibu na stendi kuna bwana wa duka la simu, mpole sana, anauza akiwa ameketi. Akanitolea ya kwanza.

"Mwalimu, chukua hii, ina macho mawili. Moja linaangalia barabara, jingine linaangalia ndani. Wenye teksi wanazigombania."

"Ndani kuna nini cha kuangalia? Nipo mimi tu."

"Ndiyo hivyo, unajiona."

"Sitaki kujiona."

Akacheka, akaiweka kando. Nikamwuliza swali ambalo ungeuliza wewe: gari langu linakaa juani uwanja wa shule toka asubuhi mpaka saa kumi, na humu ndani mna betri ndogo, itakuwaje? Akakuna shingo akakiri kwamba zinavimba. Ameshaletewa mbili zimefura. Nikamwambia basi niagizie isiyo na betri, yenye kapasita ya kutunza umeme kidogo tu wa kufungia faili gari linapozimwa. Akaniangalia kana kwamba nimemtajia dawa ya hospitali. Nilijisikia vizuri, maana kapasita naifundisha darasani kila mwaka na sikuwahi kuitumia hata siku moja. Nikamwambia pia nataka ya kubandika kwa gundi, maana zile za kunyonya kioo zinadondoka kwa joto, na memori kadi iwe ile ngumu inayovumilia kuandikwa na kufutwa kila siku. Jicho moja, liangalie mbele, basi. Ikaagizwa Mwanza ikaja na basi. Kitu kimoja hakuniambia na mimi sikuuliza: jicho ni moja, lakini masikio inayo.

Kufunga sasa. Tundu la kuwashia sigara unalijua, limekufa toka Tatu alipotumbukiza sarafu mle, na baba akakataa usilitengeneze kwa kuwa alisema mjukuu wake ameweka akiba. Kwa hiyo ilibidi kuchukua umeme kwenye fyuzi. Nikamwita fundi mmoja wa hapa mtaani. Akaja na kisu, kipande cha utepe mweusi kinaning'inia mdomoni. Hana hata mita ya kupimia.

"Dada, tunakata hapa, tunaunga hapa. Dakika tano."

Alipoinua kile kisu nikakusikia wewe kabisa, unavyowaambia wanafunzi wako kwamba anayekata waya kabla ya kupima aende buchani akaombe kazi. Nikamshukuru, nikampa soda, nikamwambia nitamwita. Nikaazima mita kwenye maabara ya shule.

Jumamosi asubuhi nikafungua plastiki ya chini ya usukani. Nilikuwa nimelala chali, kichwa kwenye pedali, miguu nje ya mlango. Mayu Kabula akapita na ndoo, akasimama.

"Mwalimu, umekufa?"

"Bado, Mayu."

"Haya. Ukifa sema."

Nikawasha tochi ya simu nikaangaza juu. Shabani, nikaona mwandiko wako. Sikujua. Mwaka mzima naendesha gari hili na sikuwahi kuangalia huko. Vipande vya plasta nyeupe ya hospitali, kila waya na jina lake kwa kalamu ya bluu. TAA KUSHOTO. HONI. WAIPA. FENI USIGUSE. Na mmoja, plasta yake imezungushwa mara mbili kuliko nyingine: REDIO YA MZEE. Ile zedi yako inayofanana na mbili, ambayo mwalimu wetu wa darasa la tatu alikuchapia bila mafanikio.

Nililia pale pale chini. Kwa kuwa nilikuwa nimelala chali, machozi yakaingia masikioni.

Baadaye nikajipangusa, nikaanza kazi. Nikafikiri kama mwalimu wa fizikia. Waya wa redio unapata umeme ufunguo ukizungushwa, na ukichomoa ufunguo unalala. Basi kamera nayo iamke na ilale pamoja na ufunguo. Nikaunga pale, kwenye redio ya mzee, nikapitia kile kiboksi cha kushusha umeme kilichokuja na kamera, waya mweusi nikaufunga kwenye boliti ya bodi. Waya wa kamera nikaupitisha nyuma ya mpira wa mlango, nikaupandisha kwenye nguzo ya kioo, nikauchomeka ndani ya kitambaa cha dari mpaka nyuma ya kioo cha katikati, pale ambapo waipa inafika ili vumbi lifutike. Hakuna hata sentimita moja ya waya inayoonekana. Ungepita ungetafuta kasoro ukakosa, ukabaki kuguna.

Ufunguo nikazungusha, nikachomeka kamera, ikawaka. Sikupima waya ufunguo ukiwa nje. Nilikuwa nimeshika mita mkononi, Shabani, na sikupima.

Jumapili nikaenda Lamadi kuijaribu kwenye lami. Kule ndiko ninakokwenda nikizidiwa, kuna maji, ingawa si maji yetu. Nikaegesha nikiwa nimeelekea ziwani, mama mmoja pale mbele anageuza dagaa kwenye mchanga. Nikazima injini, ufunguo nikaupakata mapajani. Kamera ile kioo chake kinajizima chenyewe baada ya dakika moja, nikajua imelala. Nikakaa mle na samaki wangu wa kukaanga, nikaanza tabia yangu ya kuongea.

Jumatatu asubuhi gari halikuwaka. Hata taa ya dashibodi. Mayu Kabula akaja na wanawake wawili waliokuwa wanakwenda sokoni, wakatua mizigo.

"Wewe kaa ndani, sisi tupo," akaniambia.

Wakalisukuma mpaka likakohoa likawaka, na mimi nikashuka nikawashukuru kwa Kisukuma changu cha kuokoteza, wabeja sana, wakacheka mpaka wakashikana mabega. Jumanne, tena. Wakalisukuma tena. Mmoja akauliza hili gari la mwalimu linalala njaa? Nikaona haya. Betri imezeeka, ndiyo, lakini haikuwahi kunifanyia hivyo. Jioni ile, jua lingali juu, nikachomoa memori kadi nikaitia kwenye kompyuta.

Nilitegemea kukuta barabara tu. Nikakuta nyumba yangu. Kamera haikuwa imelala hata dakika moja. Gari huwa naliegesha likitazama mlango wangu, kwa hiyo nilikuwa na saa nyingi, faili za dakika tatu tatu, za mlango wangu ukiwa umefungwa. Kuku anapita. Kivuli cha paa kinasogea. Hakuna anayebisha. Sijui kama umewahi kujitazama namna hiyo, kwa nje. Nilitazama karibu saa nzima, sijui nilikuwa nangoja nini.

Kwenye faili moja Mayu Kabula anakuja na bakuli. Anasimama mlangoni, anainua mkono abishe, anaushusha. Anarudi na bakuli lake.

Nikatoka nikamkuta anapepeta dengu. Nikamwuliza, Mayu, Jumapili jioni ulikuja kwangu, mbona hukubisha?

"Niliona umefunga. Nikasema labda mwalimu hataki watu." Akaendelea kupepeta. "Na kwenye gari huwa unaongea na nani? Tunakuona midomo."

"Na mdogo wangu."

"Yuko wapi?"

"Muheza. Tanga kule."

"Anakusikia?"

"Hapana."

"Sasa?" akasema. Lile "sasa" lake ndilo lililoniletea karatasi hizi.

Usiku ule sikushika tena gari. Kesho yake mchana, shuleni, nikachukua mita nikapima waya wa redio, ufunguo ukiwa mkononi mwangu. Volti kumi na mbili kamili. Uko hai muda wote. Hapo ndipo nikakumbuka, na nilipokumbuka nikakaa chini kwenye vumbi na gauni la kazini.

Macho ya baba yalipokwisha, Mama alificha ufunguo wa gari ndani ya debe la mchele asije akatoka nalo. Ulinipigia simu kuniambia kwamba Mzee anakataa kula. Wiki iliyofuata ukaniambia anakula, umemrekebishia redio ya gari iwake bila ufunguo, sasa kila alasiri anakwenda kukaa kwenye kiti chake cha dereva anasikiliza taarifa ya habari. Mimi nilicheka. Nikakuambia unamaliza betri ya watu. Ukasema betri utakuwa unaichaji. Na uliichaji, kila baada ya siku mbili, miaka miwili, ukitoka gereji na mgongo wako huo. Nilikuwa nadhani hiyo ni habari ya waya. Baba alikuwa mpweke, Shabani, mimi nikiwa huku na Mama jikoni, na wewe ndiye uliyeona, ukaingia chini ya dashibodi ukamtengenezea mahali pa kukaa.

Na mimi nimeendesha gari hili mwaka mzima, nawasha redio ufunguo ukiwa kwenye mkoba, na sijawahi hata siku moja kujiuliza kwa nini inawaka. Mwalimu wa fizikia!

Sasa nafika kule nilikokuwa naogopa. Siku ya arobaini, wajomba walipotaja wosia wa baba kwamba gari nichukue mimi, liwe linanileta nyumbani, walikuuliza wewe kama mrithi. Ukajibu neno moja, nimeridhia. Wewe uliyelishika gari lile toka una miaka kumi na minne. Halafu ukaomba kitu kimoja tu, ubaki na redio. Nami nikasema, nayaandika kama nilivyoyasema ili usidhani nimesahau: "Kutengeneza gari hakulifanyi liwe lako. Litoke kama lilivyo." Mbele ya wajomba, mbele ya mkeo, na wateja wako wawili wamesimama mlangoni na kofia mkononi.

Nilidhani unaomba redio. Sikuelewa unaomba nini. Na hata kama sikuelewa, ile haikuwa kauli ya dada kwa mdogo wake. Nilikuwa nina uchungu wa kuwa mbali baba anapokufa, nikautupa kwa mtu aliyekuwa karibu naye. Kisha nikapanda gari nikaondoka, na wewe ndiye uliyenipimia upepo wa matairi asubuhi ile bila kuniangalia usoni.

Pale Sapiwi nilisema samahani kwa kosa lisilo langu, mbele ya watu nisiowajua, na ulimi haukukwama. Hii ambayo ni yangu nimeishikilia mwaka na zaidi. Samahani, Shabani. Nilikukosea. Nilikuaibisha mbele ya watu, na nitakuomba radhi mbele ya watu wale wale, Mama akiwaita.

Kilichomo ndani ya bahasha ni memori kadi ya kamera. Nimefuta vyote nikaacha faili moja, ya Lamadi. Utaona maji na yule mama wa dagaa. Usiangalie picha, sikiliza. Sikujua kama narekodiwa, kwa hiyo sikupanga maneno. Mwanzo nalalamika kuhusu miiba. Halafu nasema, "Shabani, chukua redio." Nasema hivyo mara nne, nadhani, kila mara kwa sauti ndogo zaidi. Mwishoni utasikia nawasha redio hiyo hiyo, na ufunguo umo mapajani mwangu. Mashine ile imesikia kwa sababu ya waya wako. Ungekuwa waya wa kawaida, ingelala, na maneno yale yangebaki ndani ya gari.

Likizo ya mwezi wa sita nitakuja. Nitaendesha mwenyewe, Singida nitalala, Morogoro nitalala, usiogope. Nikifika kona ya kwetu nitapiga honi mbili fupi kama alivyokuwa anapiga baba. Lango anaweza kufungua mtu yeyote, lakini nitakaa ndani ya gari mpaka nikuone. Ukitaka redio, itoe kwa mkono wako. Ukitaka gari lote, ufunguo nitakupa na kadi yake, na nitarudi huku na basi kama watu wengine. Nimeshamwuliza Mayu Kabula, anasema asubuhi kuna walimu wengine wanaopanda magari ya Sapiwi, na kwamba nikitembea kwa miguu mpaka stendi nitajifunza kusalimia vizuri. Nimeshaanza. Yule mchungaji mwenye mvi sasa ananisimamisha kila asubuhi, Mwangaluka, mhola, na ananiuliza gari limeamkaje. Nachelewa kipindi cha kwanza kwa ajili yake.

Nisalimie Mama, mwambie dawa ya presha si ya kunywa siku za wageni tu. Nisalimie wifi Zainabu, najua siku ile alikasirika kuliko wewe na alikuwa na haki. Mbusu Tatu, mwambie shangazi bado anaitunza akiba yake kwenye tundu. Wajomba wote wawili, mkubwa na yule wa mabucha, na Bi Mwanaisha jirani aliyempikia baba uji siku za mwisho. Na wale wateja wawili ukikutana nao, waambie dada wa fundi anawasalimu.

Ni mimi dada yako mwenye mdomo, ambaye leo ameutumia vizuri,

Rukia

Nimesahau jambo moja. Kamera nimeihamishia kwenye waya wa waipa, nimepima kwanza, na gari linawaka kila siku. Waya wa redio ya mzee nimeuacha ulivyo, sitaugusa. Lakini kule ndani, nyuma kabisa, kuna waya mmoja wa kijani ambao umeuzungushia plasta bila kuandika kitu. Nimeufuata kwa tochi mara tatu, sioni unakokwenda. Gari linatembea, kila kitu kinafanya kazi, mimi nataka tu kujua. Kama hutaki kuniandikia lolote jingine, usiandike. Niambie tu huo wa kijani ni wa nini.